Mbuzi wa Taulo Mlangoni pa Mama Mkwe

Kila Jumapili ibada ikiisha hapa Matinyani mnanizingira nje ya kanisa, ninyi vijana wenye vyeti vipya vya hoteli, na swali ni lile lile: "Mzee, kwa meli mtu huingia aje?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kitanda hutandikwa vipi. Basi leo nimeamua kuwaandikia, maana nikisema kwa mdomo mnachungulia simu.

Nilitandika vitanda vya watu kwa miaka ishirini na sita. Mitano ya kwanza ilikuwa Mtito Andei, katika nyumba ya kulala wageni nyuma ya kituo cha petroli. Iliyobaki niliimalizia kwenye meli za watalii, zile zinazozunguka Bahari ya Mediterania kama mtu anayetembelea jamaa, leo hapa, kesho pale. Mgeni hulala siku mbili katika mji mmoja kabla ya kupanda, na siku mbili katika mji mwingine baada ya kushuka, na katikati hulala kwenye kitanda changu.

Aliyenifundisha kwanza ni Mama Ndunge, mwenye ile nyumba ya Mtito Andei. Wageni wetu walikuwa madereva wa malori, watu wa grisi na usingizi mzito. Nikishamaliza kutandika, Mama Ndunge alikuwa akivua viatu, analala chali kwenye kitanda chenyewe, anafumba macho. Nami nimesimama hapo nikisubiri hukumu. "Hapa kwa kiuno kuna mkunjo," angesema. "Dereva akilala hapa, kesho atamgonga punda wa mtu." Natandua, naanza upya. Hadi leo siamini kitanda ambacho aliyekitandika hajakilalia.

Siku moja dereva mmoja alishikwa na malaria, akashindwa hata kukaa. Mama Ndunge akanionyesha namna ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa papo hapo kitandani. Unamgeuza taratibu upande mmoja. Shuka chafu unaiviringisha mpaka iguse mgongo wake, shuka safi unaitandaza nyuma yake, kisha unamgeuza aje upande wa usafi. Huku mkono wako mmoja haumwachi begani, asije akadhani anaanguka. Andikeni hilo mahali. Mimi nililiona dogo, kumbe lilikuwa linaningoja.

Sasa mcheke kidogo. Juma langu la kwanza melini nilikaribia kufukuzwa kwa sababu ya maji. Mgeni anafungua chupa, anakunywa mafunda mawili, anaiacha. Amri ilikuwa kumwaga. Mimi ni mzaliwa wa Mutomo. Mama yangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuchimba mchanga wa mto mkavu, anainama pale shimoni akingoja maji yajikusanye, anachota kwa kata, anangoja tena. Mkono wangu ulikataa kumwaga. Nikawa naficha chupa kwenye kabati la mashuka, nyuma ya foronya, bila hata kujua nitazifanyia nini. Msimamizi wangu, mzee mmoja wa Goa aitwaye Anselmo, akafungua kabati meli ikiwa imeegemea upande. Chupa zikamiminika, zikabingirika korido nzima mpaka kwenye lifti.

"Unafuga chupa?" akaniuliza.

Nilimweleza habari za mto wetu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakucheka. Alisimama nami kwenye sinki nikazimwaga zote, moja baada ya nyingine, na siwafichi, nililia. Halafu akasema kila siku nikitoka kazini ninywe glasi moja ya maji polepole, kwa ajili ya mama yangu, na mengine niyaache yaende. Nikafanya hivyo kwa miaka yote niliyobaki baharini.

Huyo huyo Anselmo ndiye aliyenifundisha wanyama wa taulo. Mnawaona kwenye picha: mgeni anarudi chumbani anakuta tembo wa taulo ameketi kitandani. Tembo halisi nilikuwa nimewaona Mtito Andei wakivuka barabara kuu, lakini mikono yangu ilijua mbuzi. Nikianza na tembo, mkonga unafupika, masikio yanalala, miguu inakonda, na mwisho anasimama mbuzi kabisa, yule wa masikio marefu. Anselmo alijaribu kunirekebisha mwezi mzima, akachoka. Watoto wa wageni wakaanza kuiita korido yangu korido ya mbuzi, na wengine wakiondoka walinisihi niwaangalie mbuzi wao, wasikose majani.

Mnaniuliza pia kama niliiona Ulaya. Niliiona kupitia mashuka. Wageni walipokuwa wakishuka kutembea, mimi nilikuwa nikiingia vyumbani. Nikikuta mchanga kitandani nilijua leo kulikuwa na ufuo. Vumbi jeupe kwenye zulia, basi wamekwenda kwenye magofu. Ganda la chungwa, harufu ya samaki wa kukaanga, tiketi iliyolowa kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nasimama na mto mikononi, mwanga wa bahari unachezacheza darini, na mji mzima unapita kichwani mwangu ambao miguu yangu haijaukanyaga. Wakati mwingine nilikuwa sijui kama niko macho.

Nikija likizo ndipo nilikuwa naisimulia miji hiyo kama mtu aliyeizunguka yote. Mke wangu Kalekye alikuwa akinipeleka kwao, hapa hapa Matinyani, nami napewa kiti nje, mbali na mlango. Ninyi siku hizi mnakumbatiana na mama mkwe harusini na kupiga picha. Sisi tulikuwa na nthoni, ile haya na heshima ya wakwe. Mama mkwe wangu sikumshika mkono, sikula naye, sikumtazama usoni, na chumba anacholala nilikipita kama ukuta tu. Yeye alikuwa akikaa jikoni, nyuma ya dirisha, anasikiliza. Akitaka kuuliza jambo, analipitisha kwa binti yake.

"Muulize kama hiyo meli yake hupitanga Melita."

Melita ni kile kisiwa cha kwenye Biblia ambako mtume alivunjikiwa na meli. Siku hizi kinaitwa Malta. Mama mkwe alifundisha watoto wa Jumapili miaka mingi, na hadithi yake ilikuwa hiyo moja. Wala hakuvutiwa na dhoruba. Alivutiwa na wale watu wa kisiwani waliowawashia moto wageni wasiowajua, kwa sababu kulikuwa na mvua na baridi. "Hao watu hakuna mtu alirudi kuwaambia asante," alikuwa akisema. Nami nikajibu, nikimwambia Kalekye, kwamba hupita. Kalekye akacheka, akaegemea dirisha la jikoni. "Mama, huyu akistaafu tutakupeleka."

Kalekye hakungoja nistaafu. Alifariki mwaka mmoja kabla, kwa ugonjwa uliokuja haraka. Nilipoteza mke, na mama yake alipoteza mdomo wa kunisemesha. Mwaka mzima mimi na mama mkwe hatukuambiana neno. Nilikuwa nimeshajenga ng'ambo ya mto kutoka kwake. Nikija likizo nilikuwa naona moshi wa jiko lake asubuhi, najua yuko.

Nilipoondoka kazini, kampuni ilinipa zawadi ya safari ya watu wawili kama abiria, miji miwili na meli, chumba chenye dirisha kubwa la bahari. Tarehe zilipokuja nikaona Melita iko katikati. Nilikwenda nikasimama nje ya jiko lake, nikaliambia dirisha kwamba ile ahadi ya Kalekye bado ipo, na kwamba nisipoitimiza mimi hakuna mwingine wa kuitimiza.

"Na tutalala aje?" akauliza. Hilo lilikuwa neno la kwanza kuniambia moja kwa moja.

Nikaomba ile zawadi ibadilishwe: badala ya chumba kimoja chenye dirisha, vyumba viwili vidogo vya ndani, visivyo na dirisha, vinavyotazamana. Wenzangu wa zamani walinishangaa. Binti yangu Mwende, anayefanya kazi Wote, akashughulikia viza, na mama mkwe akaanza kusuka kiondo cha mkonge. Alisema haendi kwa watu mikono mitupu.

Tulianzia Barselona, siku mbili. Hotelini aliamka mapema, akatandika kitanda chake mwenyewe, akafuta bafu kwa karatasi, akaketi kitini na mkoba magotini. Mhudumu alipoingia akarudi nje kuangalia namba ya mlango, akidhani chumba hakijalaliwa. Wakati wa kifungua kinywa nilimchagulia meza, nami nikakaa meza ya pili, tumepeana migongo, na maongezi tukayapitisha juu ya mabega. Mkuu wa wahudumu wa mezani akaja kwangu kwa huruma nyingi, akanong'ona kwamba katika ndoa hakuna ugomvi usioisha, kisha akazisogeza meza zetu pamoja. Mama mkwe aliinuka na sahani yake kama aliyeungua.

"Huyu kijana anatafuta laana asubuhi yote hii," akasema.

Melini alipenda sitaha. Alikuwa akisimama pale juu, leso kichwani, mikono imeshika chuma, mimi nimesimama hatua kumi nyuma. Maji yalikuwa ya buluu mpaka yakachanganyika na mbingu, na meli ikawa kama haiendi popote, kama ni dunia ndiyo inayovutwa chini yetu polepole. "Maji yote hii," akasema bila kugeuka, "na hakuna hata ya kikombe moja." Nilitaka kumsimulia habari za zile chupa, nikashindwa. Kalekye ndiye angeisimulia vizuri.

Tulipotoka Napoli bahari ilichafuka. Asubuhi meli ilikuwa imeshafunga kamba Melita, kumetulia, jua limewaka, na mlango wa mama mkwe haufunguki. Tulikuwa na muda hadi saa kumi alasiri, kisha meli iondoke. Niligonga mara tatu, kama nilivyofundishwa.

"Usiingie, Baba Mwende." Sauti ilikuwa nyembamba. "Nimetapika kila mahali. Kitanda imeharibika. Siwezi simama."

Mhudumu wa korido, mama mmoja wa Indonesia, aliniambia kwamba amejaribu mara mbili kuingia, mara zote akafukuzwa kwa lugha asiyoijua. Nikamwomba mama mkwe nimletee daktari. Akakataa, hataki mgeni amwone hivyo. Nikamwambia basi niingie mimi. Nikasikia analia, na huyu ni mwanamke ambaye hata kaburini kwa binti yake hakulia mbele yangu.

Nikaketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango wake. Saa ilikuwa nne. Nilikuwa nimeingia vyumba vya watu elfu nisiowajua, nimeokota soksi zao na siri zao, na sasa mlango mmoja tu wa mtu wangu ulikuwa umenishinda. Nilimwona Kalekye ameegemea lile dirisha la jikoni akicheka. Nilihisi kwamba nikirudi nyumbani bila mama yake kukanyaga kisiwa kile, nitakuwa nimemzika mke wangu mara ya pili.

"Mama," nikasema, "hii nthoni tuivunje leo tu."

"Nthoni haivunjwangi, Baba Mwende. Hutolewa. Na hutolewa na mbuzi." Akapumua kidogo. "Sasa hapa baharini utatoa mbuzi wapi?"

Nadhani alisema hivyo ili kunifunga mdomo. Lakini mimi niliinuka. Nilimwendea yule mama wa Indonesia, nikamwomba taulo kubwa moja na ndogo moja. Nikapiga magoti pale koridoni, mbele ya abiria wanaopita na kofia zao za jua. Taulo kubwa unaikunja pande mbili zikutane katikati, unaiviringisha toka kila upande, unaikunja mara mbili, na miguu minne hiyo. Ile ndogo ndiyo kichwa. Kichwa kilianguka mara mbili, nikakikunja upya. Masikio niliyalaza vizuri, marefu, kama ya mbuzi wa Mutomo. Nikamsimamisha kizingitini.

"Mama, fungua kidogo tu. Nimeleta mbuzi."

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Halafu kikaja kicheko, chembamba kwanza, kisha kikapanda, kicheko cha Kalekye kabisa, nami sikuwa nimejua kwamba alikirithi kwa mama yake.

"Ni jike ama ndume?"

"Jike, Mama. Na ana mimba."

"Amekonda."

"Ni kiangazi, Mama."

Mkono wake ukatoka, mkavu, wenye mishipa, ukamshika mbuzi shingoni kama anayekagua mnada. "Masikio iko sawa," akasema. Akamvuta ndani. "Nimepokea. Ingia."

Niliingia, na kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya thelathini nilimtazama mama mkwe wangu usoni. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomdhania. Nilimgeuza upande mmoja, nikaiviringisha shuka chafu mpaka mgongoni pake, nikatandaza safi, nikamgeuza upande wa usafi, mkono mmoja begani. Nikamletea biskuti kavu na tofaa la kijani. Hiyo ndiyo dawa ya bahari ya sisi mabaharia wa mashuka; msiidharau. Saa sita alikuwa ameketi. Saa saba alikuwa amefunga leso na kiondo kiko begani.

Tulichukua teksi ikatupandisha nje ya mji. Sijui niwaambieje. Mawe ya rangi ya asali, vilima vikavu vilivyokatwa matuta na kuzuiwa kwa kuta za mawe, na kando ya njia ua wa mipungate, ule ule wetu wenye miiba. Joto lilikuwa limetulia juu ya kila kitu, hata mbwa walikuwa wanaota ndoto. Mama mkwe alimwomba dereva asimame. Akashuka, akatazama sana.

"Baba Mwende, hii si Makueni, kule kwa Mwende?"

Mbele ya nyumba moja alikuwepo kikongwe anachambua maharagwe. Mama mkwe akamwendea moja kwa moja, akampa kiondo kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kikamba, maneno mengi, kwa ule moto, kwa wale wageni, kwa ile mvua. Yule kikongwe hakuelewa hata neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia kiondo ndani na nje, akaingia nyumbani, akarudi na glasi ya maji. Mama mkwe akanywa nusu. Akageuka, akanipa mimi glasi ile ile niimalizie. Nilikunywa polepole sana.

Safari yetu iliishia Athene, siku mbili, na mezani tulikaa tumetazamana. Nilikuwa namkatia nyama. Kabla ya kushuka melini nilikuwa nimemkunjua yule mbuzi na kurudisha taulo, maana mali ya meli haitoki melini, hilo nalo mliandike. Nilidhani atahuzunika. "Mbuzi ya nthoni huliwa," akaniambia. "Hairudi nyumbani."

Sasa miguu yake imeisha nguvu. Mwanawe na mke wake wanatoka mapema kwenda sokoni, basi kila asubuhi mimi navuka mto, nagonga mara tatu, naingia kumtandikia kitanda. Mkinikosa kanisani kabla ya ibada kuanza, niko huko. Akili yake nayo husafiri. Hudhani bado tuko baharini, na mimi siisumbui. "Leo tumefika wapi?" ataniuliza, nami namtajia bandari yoyote: Napoli, Barselona, Melita. Anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Juzi nilikuwa nimemgeuza upande, mkono wangu begani pake, shuka safi imekwisha kutandazwa. Akanishika kidole.

"Na Kalekye? Amepanda?"

Kwa mkono mwingine nikanyoosha mkunjo wa shuka.

"Amepanda, Mama," nikamwambia. "Yeye amepewa kile chumba chenye dirisha."

Akafumba macho. Nikamgeuza aje upande wa usafi.